"Simjui": Historia ya Daftari la Wapiga Kura Zanzibar

Meza ya uandikishaji haina makuu. Huwekwa katika chumba cha skuli, dawati la wanafunzi likageuzwa kuwa la ofisi, na juu yake zikapangwa fomu, kamera ya kupigia picha na kifaa cha kuchukulia alama za vidole. Nyuma ya meza hukaa karani wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC. Kwenye benchi, ubavuni, wamekaa mawakala wa vyama na madaftari yao ya mkono. Na karibu na karani, mahali ambapo macho yake yanamfikia kila aingiaye, amekaa sheha.

Mwananchi akiingia, karani humsikiliza, kisha humgeukia sheha. Sheha akiitikia kwa kichwa, kalamu huandika. Sheha akisema "simjui", mwananchi hurudi alikotoka. Kwa miaka mingi, uchaguzi wa Zanzibar umekuwa ukianza kwenye meza hiyo, miezi mingi kabla ya kampeni na kabla sanduku la kura halijafunguliwa. Tumezoea kuusimulia uchaguzi wa visiwa hivi kwa kuanzia matokeo. Mimi nataka kuusimulia kwa kuanzia daftari, kwa sababu humo ndimo mlimoamuliwa nani ahesabiwe.

Tuanze mwaka 1957. Mwezi wa Julai mwaka huo, Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza na kiti cha Sultani, watu walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe sita wa Baraza la Kutunga Sheria. Walioruhusiwa walikuwa wachache. Mpiga kura alitakiwa awe mwanamume, awe raia wa Sultani, awe ametimiza miaka 25, na awe na sifa za ziada za elimu na za mali au kipato. Mwanamke hakuwamo kabisa. Kwa masharti hayo, walioandikishwa Unguja na Pemba walikuwa kama 40,000 tu.

Hata mlango ukiwa mwembamba namna hiyo, palizuka ugomvi juu ya mtu mmoja. Jimbo la Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya mkondo uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kawaida, lilikuwa na mgombea aitwaye Abeid Amani Karume, baharia wa zamani aliyekuwa akiongoza chama cha Waafrika. Mpinzani wake alikuwa Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama cha Hizbu. Kabla kura hazijapigwa, upande wa Hizbu ulidai kwamba Karume hana haki ya kusimama kwa kuwa si mzaliwa wa Zanzibar, bali amezaliwa Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi.

Shauri likaenda mahakamani, likasikilizwa, na uamuzi ukatoka kwamba Karume ni mzaliwa wa Zanzibar. Akasimama, akamshinda Ali Muhsin kwa kura nyingi.

Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo. Mtu alitiliwa shaka asili yake. Waliomtilia shaka walilazimika kulisema jambo hilo hadharani, mbele ya hakimu, naye akapata nafasi ya kujibu. Yaliyofuata baadaye yatapimwa kwa kipimo hicho.

Mlango ukazidi kupanuliwa. Uchaguzi wa Januari 1961 wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza, na daftari likapanda hadi zaidi ya majina 90,000. Matokeo yake yaliwafundisha Wazanzibari thamani ya jina moja. Afro-Shirazi, chama cha Karume, ilipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha ZPPP cha Pemba viti 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Moja! Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda na Hizbu, mmoja akaenda na Afro-Shirazi, na pande mbili zikawa sawasawa, 11 kwa 11. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni, na huo ukamwaga damu: watu 68 walikufa katika ghasia zilizozuka Unguja.

Mwaka 1963 kila mtu mzima, mwanamke na mwanamume, aliruhusiwa kupiga kura, na daftari likawa na majina zaidi ya 160,000. Afro-Shirazi ikapata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Baada ya hapo daftari likafungwa kwa muda mrefu, na mfumo wa vyama vingi haukurudi hadi mwaka 1992. Waliokuwa vijana mwaka 1963 walirudi kwenye foleni ya vyama vingi wakiwa na wajukuu.

Uchaguzi wa kwanza wa zama hizi mpya ulikuwa wa Oktoba 1995, na masharti ya kuandikishwa yalikuwa na kifungu kilicholeta malalamiko makubwa. Mtu alitakiwa awe ameishi katika jimbo husika kwa miaka mitano mfululizo. Ukikisoma kifungu hicho juu juu unaweza kukiona cha busara. Majimbo ya Zanzibar ni madogo, wapiga kura wake ni maelfu machache, na mashua mbili za watu waliopandikizwa zinaweza kugeuza mshindi. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, tena ilikuwa ya pande zote. CCM, chama kilichokuwa kikitawala, ilihofia watu wa CUF, chama kikuu cha upinzani, kuhamishwa kutoka Pemba kuja kujaza majimbo ya mjini, na CUF ilihofia mamluki kuletwa kutoka Bara.

Lakini kifungu hicho kilitungwa kana kwamba watu wa visiwani hukaa mahali pamoja kama minazi. Mvuvi wa Zanzibar huenda dago, akahamia pwani nyingine kwa miezi akifuata samaki, kisha akarudi kwao. Msimu wa karafuu huwavuta watu kwenda Pemba kuchuma, na ukiisha huwatawanya. Na kwa miaka mingi Wapemba wamevuka bahari kuja Mjini kutafuta riziki, wakafungua maduka, wakapanga vyumba Ng'ambo, wakahama chumba kodi ilipopanda. Mtu wa namna hii angeweza kuishi Unguja miaka kumi na bado akose miaka mitano katika jimbo moja. Aliporudi kijijini kwao Pemba kuandikishwa, akaambiwa hakai pale. Alipokwenda alikopanga, akaambiwa ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria hii ilimpa mtu jembe siku ya tatu, ikamnyima kura hadi mwezi wa sitini.

Basi matokeo ya urais wa Zanzibar yakatangazwa: Dk. Salmin Amour wa CCM kura 165,271, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kura 163,706. Tofauti ilikuwa kura 1,565. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, CCM karibu viti vyote vya Unguja. CUF iliyakataa matokeo hayo. Kwa tofauti ndogo kiasi hicho, kila aliyerudishwa kutoka kwenye meza ya uandikishaji alikuwa na sababu ya kujiuliza kama yeye na wenzake ndio waliopungua katika hesabu. Swali hilo halikujibiwa, likakaa katika nyumba za watu kama moshi.

Uchaguzi wa mwaka 2000 ulivurugika Oktoba, ukarudiwa Novemba katika majimbo 16 ya Mkoa wa Mjini Magharibi, nayo CUF ikaususia. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji waliopinga uchaguzi huo walipigwa risasi Unguja na Pemba. Tume ya serikali iliyoongozwa na Hashim Mbita ilihesabu waliokufa kuwa 31, na mashirika ya haki za binadamu yakataja idadi kubwa zaidi. Watu wapatao 2,000 wakapanda vyombo usiku, wakakimbilia Shimoni katika pwani ya Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa na wakimbizi wake.

Kutokana na msiba huo ukazaliwa Muafaka wa pili, uliotiwa saini na CCM na CUF tarehe 10 Oktoba 2001. Moja kati ya mambo yaliyokubaliwa lilikuwa kuanzisha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Lilikuwa jambo la maana sana. Jina likishaingia humo libaki, lisiombwe upya kila baada ya miaka mitano kama mtu anayeomba hifadhi. Muda wa ukaazi nao ukapunguzwa kutoka miezi 60 hadi miezi 36.

Uandikishaji wa daftari hilo ulianza mwishoni mwa mwaka 2004 na kuendelea hadi mwaka 2005. Ndipo ilipodhihirika kwamba kupunguza miezi hakukutosha, kwa kuwa bado palihitajika mtu wa kuithibitisha miezi hiyo. Mtu huyo alikuwa sheha.

Sheha wa Zanzibar ni nani? Ni kiongozi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Ukioa, ukiuza kiwanja, ukitaka hati ya kusafiria au ukigombana na jirani, utapita kwake. Ana daftari la wakaazi na anaijua mitaa yake kwa majina. Katika hali ya kawaida hakuna shahidi bora kumpita. Ila kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1998, sheha aliteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa aliteuliwa na Rais. Kwa hiyo, katika mashindano ya kumpata Rais, aliyekaa mlangoni kuamua nani aingie alikuwa amewekwa pale na upande mmoja wa mashindano. Wapo masheha waliofanya kazi yao kwa uadilifu, na ni dhulma kuwaweka wote katika kapu moja. Lakini raia hapaswi kutegemea bahati ya kupata sheha mwema.

Palikuwa na jingine lililowakera watu. Sheria iliwasamehe baadhi ya makundi sharti la miezi 36, wakiwemo askari na watumishi wa umma waliohamishwa kikazi. Ilikuwa haki kwao, maana hawakujihamisha wenyewe. Lakini mwenye duka aliyefuata riziki, au mama aliyeachwa akarudi kwa wazazi wake, naye hakuhama kwa anasa. Kijana aliyezaliwa mtaani akasimama kwenye foleni akimtazama askari aliyefika juzi akiandikishwa, huku yeye akiambiwa alete ushahidi. Picha ya namna hiyo haisahauliki.

Daftari la mwaka 2005 lilifungwa likiwa na majina zaidi ya 507,000. Amani Abeid Karume, mtoto wa yule mgombea wa Ng'ambo wa mwaka 1957, alichaguliwa tena kuwa Rais.

Mwaka huo huo wa 2005 ikatungwa Sheria Namba 7 ya Usajili wa Wazanzibari Wakaazi. Ilileta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho wengi hukiita "zan aidii". Hakukuwa na ubaya wowote katika kitambulisho. Mtu anahitaji karatasi ya kumtambulisha benki, bandarini na hospitalini. Mambo yalibadilika pale sheria ya uchaguzi ilipokifanya kitambulisho hicho kuwa ufunguo wa daftari la wapiga kura. ZEC ilipoanza kuliboresha daftari mwezi wa Julai 2009, ikianzia kaskazini mwa Pemba, asiyekuwa na kitambulisho hakuandikishwa.

Tumchukue mzee mmoja wa upande wa Micheweni. Simpi jina, kwa kuwa wa aina yake walikuwa wengi na hadithi yao ni moja. Amezaliwa kijijini, mkunga akiwa bibi yake, na hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu enzi hizo hakuna aliyekwenda mjini kuandikisha mtoto. Mwaka 2005 alipiga kura, na shahada yake ya zamani ya kupigia kura ameitia katika mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za shamba lake la karafuu. Anaifikia meza.

"Kitambulisho, mzee."

"Nna hii shahada. Nimepigia kura."

"Hii haitoshi. Nenda ofisi ya vitambulisho wilayani."

Wilayani anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti, anahitaji fomu. Fomu inatoka kwa sheha, na sheha hayupo, au fomu zimekwisha, au sheha anamtazama usoni na kusema hamjui.

"Hunijui, sheha? Si mie niliyeshuka kaburini kumzika baba yako?"

Hapo ndipo duara linapojifunga. Tume inasema haihusiki na vitambulisho. Ofisi ya vitambulisho inasema haihusiki na sheha. Sheha anasema hana fomu. Kila mmoja ana kifungu cha kujikinga nacho, na hakuna hata mmoja aliyeandika popote kwamba fulani bin fulani amenyimwa haki yake kwa sababu hii na hii. Sheria iliruhusu kukata rufaa kwa aliyekataliwa na Tume. Lakini mzee huyu Tume haijamkataa. Imemwambia aende akalete karatasi. Utakatia rufaa nini?

Pemba ilikataa. Watu walizuia vituo, askari wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, wakapelekwa, na mwezi wa Agosti ZEC ikausimamisha uandikishaji. Ilionekana wazi kwamba uchaguzi wa mwaka 2010 ungeanza kuvunjika ukiwa bado haujafika, na waliokumbuka Januari 2001 walijua kuvunjika huko kungeishia wapi.

Kilichouokoa ni mazungumzo. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wao wenyewe, bila msuluhishi wa kigeni. Siku chache baadaye Maalim Seif akawatangazia wafuasi wake katika uwanja wa Kibandamaiti kwamba CUF inamtambua Karume kuwa Rais. Wako waliomzomea, maana walikuwa na makovu. Lakini maridhiano yalishika. Uandikishaji ukaendelea, masharti ya vitambulisho yakalegea kidogo, watu wakahimizwa kujiandikisha, na tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba ya mwaka huo Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alimshinda Maalim Seif kwa kura 179,809 dhidi ya 176,338. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi Zanzibar uliokwisha bila kilio, na watu walipumua.

Katika furaha hiyo, namba moja ilipita bila kutazamwa vya kutosha. Daftari lililokuwa na majina zaidi ya 507,000 mwaka 2005 lilikuwa sasa na majina yapatayo 407,000. Yalipungua majina kama 100,000 katika visiwa ambavyo watu wake huongezeka kila mwaka. Bila shaka marehemu waliondolewa, na walioandikwa mara mbili wakafutwa, na hilo ni jema. Lakini tofauti ya mshindi na aliyeshindwa ilikuwa kura 3,471. Wananchi walikuwa na haki ya kuelezwa, jina kwa jina na shehia kwa shehia, wale laki moja wamekwenda wapi.

Maridhiano yalitibu uhusiano wa viongozi, duara likabaki. Mwaka 2018 zilitungwa sheria mpya za usajili na za uchaguzi, vikaja vitambulisho vya kisasa zaidi, na mwaka 2020 wananchi wakatakiwa kuhakiki taarifa zao upya. Malalamiko ya kabla ya uchaguzi huo, safari hii yakitolewa na chama cha ACT-Wazalendo, yalikuwa yale yale ya mwaka 2009: maelfu hawana kitambulisho, na asiye na kitambulisho hamo daftarini. Mashine zilikuwa mpya, lakini sheha alikuwa bado amekaa karibu na meza.

Sipingi sheria za ukaazi, wala sipingi vitambulisho. Nchi yenye majimbo madogo ina haki ya kujikinga na wapiga kura wa kupandikizwa. Ninachokiona katika historia hii ni mzigo uliohama polepole kutoka bega moja hadi jingine. Mwaka 1957, aliyedai kwamba Karume si mtu wa hapa ndiye aliyelipeleka dai lake mahakamani. Kufikia mwaka 2009, ni mwananchi aliyetakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni wa hapa, katika kijiji alichozaliwa, kwa karatasi ambazo mwenye kuzitoa hakulazimika kujieleza.

Kuurudisha mzigo huo mahali pake si kazi kubwa. Jina lililomo daftarini libaki humo hadi atokee mtu wa kulipinga kwa maandishi na kwa ushahidi. Anayenyimwa fomu apewe barua yenye sababu, tarehe na saini ya aliyemnyima, ili awe na kitu cha kumpelekea hakimu. Sheha awe shahidi mmoja kati ya wengi, na majirani wanaoheshimika wasikilizwe pia. Na masharti yasibadilishwe uchaguzi ukiwa mlangoni, bali watu wapewe muda wa kutosha kutafuta karatasi ambazo serikali yenyewe haikuwapa walipozaliwa.

Abeid Karume alipoambiwa kwamba si wa hapa, alipata siku yake mahakamani, na kutokana na siku hiyo historia ya Zanzibar ikachukua njia yake. Mzee wa Micheweni alikuwa na shahada yake katika mfuko wa nailoni. Aliikunja tena, akaitia mfukoni, akarudi shambani kwake kwa miguu, na hakuna hakimu aliyewahi kumwuliza amezaliwa wapi.